Siku za Mwisho na Kazi ya Kanisa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa waumini wa Dodoma mjini, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa. Mengi huulizwa baada ya ibada au kwenye jumuiya za katikati ya juma, na mengine huja kwa simu usiku, baada ya mtu kutumiwa klipu iliyomnyima usingizi. Ninafundisha Biblia katika kanisa la Anglikana, na kwa hiyo majibu yangu yanatokea huko. Pale ambapo Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste au Wasabato wanaona tofauti, nimesema. Kwa sehemu kubwa anayeuliza habari za mwisho wa dunia ana hofu moyoni, na hofu hiyo ndiyo niliyoikusudia katika kujibu.

Je, kweli tuko katika siku za mwisho?

Ndiyo, na tumekuwemo tangu Pentekoste. Petro alisimama Yerusalemu akasema yaliyotabiriwa na nabii Yoeli kuhusu siku za mwisho yametimia mbele ya macho ya watu (Matendo 2). Waebrania 1:2 inasema Mungu "mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana". Yohana naye aliandika, "Watoto, ni wakati wa mwisho." Hayo yaliandikwa zamani za mitume, karibu miaka 2000 iliyopita.

Kwa hiyo mhubiri akikuambia siku za mwisho zimeanza mwaka huu kwa sababu ya jambo fulani lililotokea Ulaya au Marekani, ameruka kurasa nyingi za Agano Jipya. Kanisa limekiri tangu imani ya Nikea kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu walio hai na wafu. Tunakiri hivyo kila Jumapili kwa sauti, na tunamaanisha.

Kuna mtumishi ametaja tarehe ya kurudi kwa Yesu. Tumwamini?

Hapana. Yesu mwenyewe alisema, "Walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake" (Mathayo 24:36).

Wengine hukwepa kwa kusema, "Siku na saa hatuijui, lakini mwaka tunaujua." Wasome Matendo 1:7, ambapo Bwana aliwajibu mitume waliouliza jambo hilohilo: "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira." Mwaka nao ni majira.

Waliojaribu ni wengi. Katika karne ya pili Montano na wafuasi wake kule Frigia walifundisha kwamba Yerusalemu mpya ungeshuka katika mji wao wa Pepuza. Huko Marekani William Miller, mkulima aliyeisoma sana Biblia, alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakaishia kuitaja Oktoba 22, 1844. Baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuvuna. Siku ikapita, wakalia hadi asubuhi. Baadhi ya watu wa kundi hilo ndio walioanzisha baadaye kanisa la Waadventista Wasabato, na nasema kwa heshima kwamba kanisa hilo leo halitaji tarehe. Mwaka 2011 mhubiri mmoja wa redio huko Marekani alitangaza Mei 21, matangazo yakabandikwa katika miji mingi duniani. Mei 22 watu waliamka kama kawaida, wengine wakiwa wamekwisha kutumia akiba yao yote.

Anayetaja tarehe huenda ni mtu mpole na mwenye bidii ya maombi. Hilo halibadilishi kitu, kwa kuwa anadai kujua jambo ambalo Bwana wake alisema halijui.

Namba ya NIDA, alama za vidole na chanjo: je, hiyo ndiyo 666?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tulipotakiwa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, mwisho ukiwa Januari 20, 2020, hofu ilisambaa makanisani. Ilipokuja chanjo ya korona, ikawa kubwa zaidi. Mama mmoja wa Chang'ombe, muuza mboga, aliniletea kitambulisho chake kikiwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Aliomba nimwombee kwanza ndipo akakichome moto. Tulikaa chini tukafungua Ufunuo sura ya 13, aya kwa aya, tukaingia sura ya 14. Jioni alirudi nyumbani na kitambulisho chake, na laini yake ambayo wateja humlipia mboga bado inafanya kazi.

Tulichosoma ni hiki. Sura ya 13 inamtaja mnyama ambaye watu wanatiwa alama yake katika mkono wa kuume au katika kipaji cha uso, asiye nayo hawezi kununua wala kuuza, na hesabu ya mnyama huyo ni 666. Ufunuo uliandikiwa makanisa saba ya Asia Ndogo: Efeso, Smirna, Pergamo, Thiatira, Sardi, Filadelfia na Laodikia. Wakristo wa miji ile waliishi mahali ambapo kaisari wa Rumi aliabudiwa kama mungu. Pergamo palikuwa na hekalu la kaisari hata kabla Yesu hajazaliwa. Fundi au mfanyabiashara alijikuta kwenye karamu za chama chake ambako sadaka zilitolewa kwa sanamu, na aliyekataa alihatarisha riziki yake. Hapo ndipo maneno ya kutoweza kununua wala kuuza yalipowachoma wasomaji wa kwanza.

Kuhusu hesabu yenyewe, Yohana anasema "ni hesabu ya kibinadamu". Zamani herufi zilitumika pia kama tarakimu, na jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania jumla yake ni 666. Baadhi ya nakala za kale za Ufunuo zina 616 badala ya 666, na hiyo nayo inalingana na jina hilohilo likiandikwa kwa namna ya Kilatini. Ndiyo maana wasomi wengi wanaona Yohana alikuwa akimlenga Nero, au mtawala mwenye roho ya Nero. Wengine wanaamini unabii huo utatimia tena kwa ukubwa zaidi mwishoni, nami sina sababu ya kuwapinga.

Jambo la kushika ni kwamba alama ya sura ya 13 inakwenda na kumsujudia mnyama. Mara tu baada ya hapo, katika 14:1, wafuasi wa Mwanakondoo nao wana jina lake na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Swali la Ufunuo ni unamwabudu nani. Kitambulisho cha taifa hakikuombi umwabudu mtu. Hakuna anayemkana Kristo kwa bahati mbaya akiwa kwenye foleni ya kuweka kidole.

Yapo mambo halali ya kuuliza kuhusu nani anatunza taarifa zetu na anazitumiaje, na Mkristo ana haki ya kuyauliza kama raia. Lakini mtu anayeikimbia NIDA huku anapokea rushwa ofisini, au anapunja mizani sokoni Majengo, ajiulize ni alama ipi tayari iko kwenye mkono wake wa kuume.

Ukame, njaa, matetemeko na mafuriko: si dalili hizi?

Yesu aliyataja njaa na matetemeko, kisha akasema, "Hayo yote ndiyo mwanzo wa utungu." Kuhusu vita alisema, "angalieni, msitishwe", na akaongeza, "lakini ule mwisho bado." Nakuomba usome maneno hayo polepole. Aya ambazo watu huzitumia kutisha, Bwana alizisema ili tusitishwe.

Sisi wa kanda ya kati tuna sababu ya kuelewa hili vizuri. Nchi yetu ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na hata mwaka mzuri mvua ni haba. Wazee wa Kigogo walizipa njaa majina. Ile iliyoitwa Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ilikuja baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ikakosekana, kisha homa ya mafua ikaingia. Kuna vijiji vilivyobaki vitupu. Kama kungekuwa na simu siku zile, nani angekosa kusema mwisho umefika? Mwaka 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaanzishwa katika nchi ileile iliyokuwa imelia hivyo.

Matetemeko nayo tunayasikia kwa sababu tuko kwenye bonde la ufa. Maporomoko ya tope ya Katesh, mlimani Hanang, Desemba 3, 2023, yaliua ndugu zetu wengi. Niliona ujumbe uliosambazwa siku ileile ukisema hiyo ni hukumu juu ya watu wa pale. Ulinikasirisha, na bado unanikasirisha. Katika Luka 13 Yesu mwenyewe aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kusema walikuwa na dhambi kuliko wengine. Kanisa linaposikia msiba kama ule, kazi yake ni kupeleka magodoro, unga na watu wa kuzika.

Vita vya Israel vina maana gani katika unabii?

Hapa Wakristo hawakubaliani. Wapo wanaoona kuundwa kwa taifa la Israel mwaka 1948 kuwa utimilifu wa unabii, na kila vita huko kuwa hatua ya saa ya Mungu. Wapo, na mimi nimo, wanaosoma Warumi 9 hadi 11 na kuamini Mungu hajawatupa Wayahudi, lakini hawaoni ruhusa ya kuhesabia vita vya serikali yoyote kuwa mapenzi ya Mungu.

Tusishangilie vita. Oktoba 7, 2023 vijana wawili Watanzania waliokuwa huko kwa mafunzo ya kilimo waliuawa. Kisha maelfu kwa maelfu ya watu wa Gaza wakafa, wakiwemo watoto, na Wakristo wa huko nao wakaomboleza wafu wao. Mtu anayepiga vigelegele kwa sababu "unabii unatimia" amesahau kwamba Yesu alipoutazama Yerusalemu na kuona maangamizi yake yanakuja, aliulilia. Maangamizi hayo yalifika mwaka 70, hekalu likateketea kwa mikono ya jeshi la Rumi.

Tutanyakuliwa kabla ya dhiki kuu au baada yake? Na ile miaka elfu?

Wakristo wote wanaamini 1 Wathesalonike 4: Bwana atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuka, nasi tulio hai tutanyakuliwa pamoja nao kumlaki. Ubishi ni wa mpangilio tu.

Fundisho la kwamba kanisa litaondolewa kwa siri kabla ya dhiki lilienezwa na John Nelson Darby wa Uingereza kuanzia miaka ya 1830, na Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka 1909, ikalifikisha mbali. Wapentekoste wengi wa kwetu walilipokea hivyo. Makanisa ya kale, yaani Katoliki, Othodoksi, Anglikana na Lutheri, kwa kawaida hayafundishi kuja kwa awamu mbili.

Kuhusu miaka elfu ya Ufunuo 20, Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alifundisha kwamba inasimama kwa kipindi chote cha kanisa hapa duniani, na wengi wa makanisa ya kale wakamfuata. Wengine, kama TAG (Tanzania Assemblies of God), wanatazamia Kristo atawale duniani kwa miaka elfu baada ya kurudi. Nimesali na watu wa pande zote mbili kwenye mkesha mmoja, na hakuna aliyehitaji kuhama benchi. Nionavyo mimi, fundisho linalomwambia Mkristo kwamba hatapata dhiki halimsaidii sana muumini aliyezaliwa katika dhiki.

Mpinga Kristo ni nani?

Yohana alisema wapinga Kristo wengi walikwisha kuwapo katika siku zake (1 Yohana 2:18). Paulo anamtaja mtu wa kuasi atakayejiinua mwishoni. Majina yaliyotajwa katika historia ni mengi: mapapa, Napoleon, Hitler, marais kadhaa. Usipoteze usiku wako kutafuta jina lake.

Kitabu cha Ufunuo kinaniogopesha. Nisikisome?

Kisome, na ikiwezekana kisome kwa sauti pamoja na wengine. Ndicho kitabu kinachoanza kwa heri kwa asomaye na wale wanaosikia (1:3). Yohana alikiandika akiwa kisiwani Patmo kwa ajili ya neno la Mungu, na walioandikiwa walikuwa wameonewa kama yeye. Anza na barua saba za sura ya 2 na 3. Halafu ruka hadi sura ya 21 na 22 uone mwisho wa safari: Mungu akifuta kila chozi, mji usio na usiku, majani ya mti ya kuwaponya mataifa. Ukijua safari inaishia wapi, rudi katikati kwenye mihuri na baragumu. Na kila unapokutana na picha ngeni, tafuta kwanza katika Danieli, Ezekieli na Zekaria kabla ya kutafuta kwenye taarifa ya habari.

Kama Yesu anarudi karibuni, kuna haja gani ya kulima, kujenga na kusomesha?

Swali hili nimeulizwa na kijana aliyetaka kuacha chuo mwaka wa pili, na pia na baba aliyetaka kuuza kiwanja. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 viwanja vimepanda bei, na wapo wahubiri wanaosema, "Dunia inakwisha, uza, leta fedha madhabahuni." Ukisikia hivyo, uliza fedha hizo zitanunua nini na hati itaandikwa jina la nani.

Thesalonike palikuwa na watu walioacha kazi. Paulo, mtume yuleyule aliyewafundisha kunyakuliwa, aliwaandikia: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula" (2 Wathesalonike 3:10). Katika mfano wa Luka 19, bwana anayesafiri anawapa watumwa wake fedha na kuwaagiza, "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Na Yakobo, akitaka kueleza namna ya kumngoja Bwana, alimtaja mkulima anayengoja mvua ya kwanza na ya mwisho (5:7).

Mkulima wa Dodoma anajua kungoja huko kulivyo. Anaberega shamba, yaani analisafisha bila kulilima, Novemba jua likiwa kali, mbegu ya uwele au mtama ikiwa tayari ndani ya kibuyu, wala hajui wingu litakuja lini. Nafaka ikianza kukomaa, watoto na mama zao wanapanda kwenye madungu alfajiri na kombeo na mikebe ya kugonga, kwa sababu kundi la ndege wa kwelea kwelea likishuka asubuhi moja tu, shamba limekwisha. Yule mama aliye juu ya dungu anangoja mavuno kwa macho, kwa mikono na kwa sauti. Sijaona picha bora ya neno "kesheni".

Waliotutangulia katika imani walingoja hivyo. Waliamini kwa dhati kwamba Bwana angeweza kurudi usiku wowote, na bado wakajenga hospitali Mvumi na shule ya wasioona Buigiri. Ndugu wa uamsho wa Afrika Mashariki, walioimba "Tukutendereza" (kwa Kiganda, "Twakusifu"), walikuwa wakirudisha ng'ombe walioibwa na kulipa madeni, kwa kuwa walitaka Bwana awakute wakiwa wasafi.

Basi kazi ya kanisa katika siku hizi ni ipi hasa?

Mathayo 24 inafuatwa na 25. Ni hotuba moja. Baada ya dalili, Yesu anasimulia wanawali na mafuta yao, talanta, kisha hukumu ya kondoo na mbuzi, ambapo swali ni nani alimlisha mwenye njaa, nani alimvika aliye uchi, nani alikwenda gerezani. Nayo 24:14 inataja habari njema kuhubiriwa kwa mataifa yote. Kuhubiri, kulisha, kutembelea, kukesha katika sala: hiyo ndiyo ratiba, na haijabadilishwa.

Ninaongeza kazi moja ambayo tumeilegeza, nayo ni kulinda kundi. Machi 17, 2000, huko Kanungu, Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililokuwa limefundishwa kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukiisha. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa wengi. Baadhi ya waliokufa walitoka katika makanisa ya kawaida kama yetu, ambako mara nyingi anayeuliza maswali haya huambiwa "hayo ni mambo magumu, tuyaache".

Mchungaji anayeogopa kufundisha Ufunuo anawaachia watu wake wafundishwe na simu. Parokia, dayosisi na vyuo vyetu vya theolojia, Msalato na Kongwa vikiwemo, vina walimu wa kutosha kulifanya somo hili liwe la kila mwaka, hasa wakati wa Majilio, ambao ndio msimu wake.

Tukiwa msibani, niseme nini kuhusu siku ile?

Sema alichosema Paulo, wala usiongeze vitisho. Hakukataza kulia, alitaka tusihuzunike kama wasio na matumaini. Aliyekufa katika Kristo hatachelewa siku ile, atatangulia kufufuka. Mtume anamaliza hivi: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Nimesikia mahubiri ya kaburini yaliyomwacha mjane akitetemeka kuliko alivyokuja. Hayo hayakutoka katika sura hiyo.

Ndugu yangu amejiunga na kundi linalongoja mwisho. Ameacha kazi na amewatoa watoto shule. Nifanye nini?

Usimtukane, wala usimkatie simu. Makundi haya hustawi pale ndugu wanapomwacha mtu. Mtembelee, kula naye, muulize anasoma aya zipi, mzisome pamoja kwa kuanza sura mwanzo hadi mwisho. Mwende na mtu anayemheshimu, mjomba au shangazi, au mwinjilisti aliyembatiza.

Angalia mambo manne: kiongozi kuulizwa maswali ni dhambi, waumini wanakatazwa hospitali, mali zinahamishiwa kwa kiongozi, watu wanatengwa na jamaa zao au kuhamishiwa porini. Moja likiwepo, mweleze mchungaji wako wiki hiyohiyo. Yakiwepo yote, usingoje kikao cha kanisa.

Mtoto akinyimwa chakula, dawa au shule, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Namba ya kitaifa ya kuwasaidia watoto ni 116, kupiga ni bure.